Nilichana Ukurasa wa Binamu Yangu, Sasa Ananiita Daktari

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikazunguka kama nilivyozoea. Nilifanya uzembe kazini kwa mkono wangu na kwa kiburi changu, halafu nikamsingizia binamu yangu. Ukurasa uliokuwa ushahidi wake nikauchana. Yeye akakosa shule. Mimi nikakosa ndugu.

Jina langu sitaji. Singida ni mji mdogo, na wapo watakaonitambua kabla hawajafika katikati. Wanitambue tu! Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu kwenye nyumba yenye vyumba vinne.

Lakini kabla hamjanihukumu, mjue mimi si mtu wa hivi hivi. Nimezaliwa Mungaa, kwenye tembe la mzee wangu, nikachunga mbuzi mpaka kidato cha nne. Nikaondoka na begi moja kwenda pwani. Hakuna aliyenishika mkono! Nilianza kwa kuosha vyombo kwenye maabara ya watafiti wa viumbe vya bahari. Mchana naosha chupa, jioni nasoma. Nikapata diploma yangu ya maabara, na waliokuwa wananituma chai wakaanza kuniomba niwasaidie. Diploma hiyo nimeitia fremu ya dhahabu, ipo sebuleni. Ukiingia kwangu ndiyo unayoiona kwanza.

Kazi yenyewe nikueleze, maana bila hiyo kosa langu hutalielewa. Baharini kuna viumbe wadogo, ndugu wa kaa na wa wale kamba wa kuliwa, wengine wadogo kuliko punje ya uwele. Kwa macho wanafanana, na hata kwenye hadubini wanamchanganya mtu aliyesoma. Basi unachukua vinasaba vyao, ndiyo DNA hiyo mnayoisikia kwenye kesi za watoto. Kuna kipande kifupi kinachotofautiana kutoka aina hadi aina. Unakizidisha kwenye mashine, kinasomwa, unalinganisha na orodha ya wanaojulikana. Ni kama ile mistari ya kwenye pakiti ya sabuni. Muuzaji anaimulika, mashine inasema hii ni sabuni gani. Mimi nilikuwa mtu wa kumulika uduvi.

Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Nikarudi nyumbani nikajenga Mwankoko, nyumba ya vigae, sofa za kuagiza. Mke niliyempata pwani alikaa Singida miezi mitatu, akasema upepo na vumbi hili haviwezi, akarudi kwao. Sofa mpaka leo zina nailoni.

Mtaani wakaanza kuniita Daktari. Diploma siyo udaktari, najua vizuri sana. Lakini sikumrekebisha mtu. Jina lilikaa vizuri masikioni.

Mtu mmoja tu alikataa kuniita hivyo. Ntandu.

Ntandu siyo jina lake, nimembadilishia. Ni mtoto wa shangazi yangu, ananizidi miezi minne. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani wa kufa. Anakutukana mbele ya wakwe, anakuvua kofia, anakula chakula chako ukiwa unanawa mikono, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku!

Siku niliyoshusha mizigo yangu kwenye nyumba mpya, alisimama mlangoni na baiskeli yake akapiga kelele mtaa mzima usikie.

"Daktari wa nini huyu? Daktari wa kuosha chupa! Kakaa baharini miaka kumi na moja, mtupeni ziwa Singidani muone kama anaelea!"

"Nyamaza wewe, mchunga mbuzi usiye na mbuzi!"

"Mbuzi sina, ila kichwa chako kinanitosha. Kina pembe ndani."

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye boksi la vyombo. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nitoke Mungaa.

Mzee wangu alipofariki, miaka mingi nyuma, nilisafiri kutoka pwani nikakuta msiba umejaa. Nilikuwa nimekauka, machozi hayatoki. Ghafla Ntandu akatokea ndani amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Akanisogelea mimi, akaniangalia juu mpaka chini, akasema kwa sauti ileile ya baba: "We ndiyo umekuja saa hizi? Ng'ombe nani kafungulia?" Watu walivunjika mbavu. Mimi nikacheka, na humohumo kwenye kicheko machozi yakafunguka. Kwetu mtani msibani ndiyo kazi yake hiyo. Asipoifanya yeye, hakuna mwingine.

Kumbuka hilo koti. Nitalirudia jambo hilo.

Sasa kazi. Ulikuja mradi mdogo wa watafiti kutoka pwani. Walitaka kujua ni viumbe gani wa jamii hiyo ya kaa wanaoishi kwenye maziwa yetu ya chumvi, Singidani na Kindai, wale ambao flamingo huwafuata. Walitaka kuwalinganisha na ndugu zao wa baharini. Kiongozi alikuwa mama mmoja mwenye udaktari wa kweli. Nitamwita Dokta tu. Alinifahamu tangu pwani. Akanipigia: "Wewe upo hukohuko, nisimamie maabara." Tukapewa chumba mjini, hadubini, friji, na mashine ya kuzidisha vinasaba.

Wa kushika wavu nikamleta Ntandu. Ndiyo, nilimleta mimi! Nilitaka aone ukubwa wangu kwa karibu.

Yule bwana alinishangaza. Alikuwa na kidato cha nne chake kizuri tu, na alikwama kwa sababu shangazi aliugua muda mrefu na mashamba ya alizeti hayakuwa na mtu. Alijua upande gani wa ziwa maji yanageuka kijani kwanza, alijua wapi matope yatakumeza mpaka magoti. Akivuta wavu, anausuuza mara tatu, anaukung'uta, anaandika kwenye daftari lake kubwa: mahali, saa, upepo, idadi ya vichupa. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa mahindi.

Dokta alikuja mara ya kwanza akakaa naye siku mbili. Kabla ya kuondoka akatuambia wote wawili, "Mradi una nafasi moja ya kumsomesha kijana wa hapa cheti cha maabara, ada yote na malazi. Ntandu, ukimaliza msimu huu vizuri, nafasi ni yako."

Ntandu alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akanigeukia: "Umesikia, muosha chupa? Nakuja kukunyang'anya sabuni."

Nikacheka. Lakini nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Kile kicheko hakikufika tumboni. Nikajiuliza, huyu naye akipata karatasi, mimi nitakuwa nani Singida hii?

Kwenye kazi hii kuna sheria mbili ambazo hata anayeanza leo anafundishwa asubuhi. Ya kwanza ni kibano, kile kidogo cha kunyanyulia kiumbe. Kila ukimaliza kichupa kimoja unakichovya kwenye jiki, unakisuuza, unakipitisha kwenye moto wa taa ya spiriti. Vinasaba ni vitu vidogo mno, na vikibaki kwenye ncha ya kibano vinahamia kwa kiumbe mwingine.

Ya pili ni kichupa kitupu. Kila safari ya kupima, unaweka kichupa kimoja kisicho na kiumbe ndani. Unakitendea yote unayowatendea wenzake, dawa zilezile, mashine ileile. Mwishoni kinatakiwa kiwe kitupu. Ukikuta kina vinasaba, basi uchafu umeingia mahali, na kazi yote unaimwaga. Kile kichupa ni shahidi.

Nilizijua sheria hizo kuliko jina la babu yangu. Nimewafundisha watu!

Siku yenyewe walikuja wageni, mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili, kuangalia kazi ya Daktari. Nilikuwa na chupa niliyotoka nayo pwani, uduvi wa baharini ndani ya spiriti, ukumbusho wangu. Haikutakiwa kuwa ndani ya chumba kile. Niliiweka kwenye rafu kwa sababu wageni wanaipenda. Nikaifungua, nikamtoa uduvi mmoja kwa kibano, nikawaonyesha kwenye hadubini. "Huyu wazee wangu ametoka chini ya bahari!" Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema sijawahi kuona Mnyaturu amefika mbali hivi. Niliishi kwa maneno hayo wiki nzima.

Wageni wakatoka. Nikafuta kibano kwenye koti langu jeupe, nikaendelea na vichupa vya Singidani.

Ntandu alikuwa mezani na daftari lake.

"Binamu, hicho kibano kimetoka baharini sasa hivi. Kipitishe motoni."

"Nimefuta."

"Kwenye koti? Koti lenyewe lina supu ya jana."

"Ntandu, tuna kazi."

"Na kichupa kitupu cha leo sikioni."

"Dawa imebaki kidogo. Kitupu cha nini? Unataka kupima hewa? Kiache."

"Dokta alisema kila safari."

"Dokta yuko wapi? Mimi ndiye nipo! Wewe wa kidato cha nne utanifundisha mimi maabara?"

Alinitazama. Kisha akatabasamu, maana ndiyo utani wetu, akidhani natania. "Haya, mkuu wa chupa. Mimi kazi yangu kuandika." Akainama akaandika. Sikuangalia alichoandika.

Vipande tulivyozidisha vikatumwa kusomwa. Majibu yalipokuja, kwenye vile vichupa vya siku ile orodha ilisema jina la uduvi wa baharini. Baharini! Ndani ya ziwa la Singida, mwendo wa siku nzima kutoka pwani kwa basi!

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilifurahi! Niliona jina langu. Niliona picha yangu. Sikumngoja Dokta. Redio moja walikuwa wananitafuta kuzungumzia kazi za kijana aliyerudi nyumbani, nikaenda nikasema kwa kinywa changu kwamba mimi, mzaliwa wa Mungaa, nimegundua kiumbe wa bahari kwenye ziwa letu.

"Binamu, subiri kwanza," Ntandu alikuwa ameniambia kabla sijaenda. "Turudie vile vichupa. Kumbuka ile siku ya wageni."

"Wivu huo."

"Wivu wa uduvi?" Akacheka, lakini kwa shida. "Turudie tu. Nitavuta wavu hata leo."

Sikurudia. Mjini wakawa wananisimamisha. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyombo, anayenijua tangu nikiwa na kaptula, alinipigia kelele kutoka kaunta: "Daktari! Bahari yetu iko upande gani, niagize boti?" Nikamjibu kwa fahari, "Agiza mbili!" Nikikumbuka jibu hilo nafunika uso hata nikiwa peke yangu.

Baada ya wiki mbili Dokta akapiga simu. Hakunipongeza.

"Nimesikia habari za redio. Viumbe wa siku ile waliobaki, mlionitumia kwenye spiriti, nimewapima huku. Ni wa ziwani wote, hakuna wa baharini hata mmoja. Na kile kipande mlichopata kinafanana herufi kwa herufi na uduvi wa huku pwani, palepale ulipokuwa unafanya kazi zamani. Nakuja Alhamisi. Niandalie daftari na matokeo ya kichupa kitupu."

Nilikaa kwenye sofa, nailoni ikalia. Nikaiona akilini ile chupa yangu. Nikaona kibano. Nikajiona nafuta kwenye koti. Jamani! Nilijua palepale, sikuwa na shaka hata kidogo.

Alhamisi nikafika kazini asubuhi mapema, kabla ya Ntandu. Chupa ya uduvi nikaitia kwenye begi. Nikafungua daftari lake, nikatafuta siku ile. Ilikuwepo, kwa ule mwandiko ulionyooka: "Wageni watatu. Kibano kimetolewa kwenye chupa ya bahari, hakikuchomwa. Kichupa kitupu hakikuwekwa, kwa agizo la msimamizi."

Nikauchana. Nilivuta taratibu usilie, ingawa chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Sijui kwa nini sikuuchoma, taa ya spiriti ilikuwa mbele yangu. Nikaukunja, nikauweka mfukoni.

Dokta alifika, akakaa, hakutaka hata maji.

"Kichupa kitupu cha safari ile kiko wapi?"

Ntandu alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri niseme. Hakuwa na wasiwasi wowote! Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga viatu.

Nikasema, "Dokta, kuandaa vichupa nilimwachia Ntandu. Nadhani alisahau. Na vyombo pia, usafi wake siku hizi... nilikuwa nataka nikwambie."

Ntandu alivuta daftari, akaanza kufungua kurasa ili aonyeshe. Akafika pale. Akasimama. Akapitisha kidole polepole kwenye kile kipande kidogo cha karatasi kinachobaki mtu akichana ukurasa, kutoka juu mpaka chini. Kisha akaniangalia tena, na safari hii hakuwa anasubiri kitu.

"Kumbukumbu ya siku hiyo haipo, Dokta," akasema. Akafunga daftari.

Hakusema zaidi ya hapo! Angeweza kunimaliza. Angeweza kusema fungua begi la huyu uone. Alisema maneno yaliyokuwa kweli tupu, na akanyamaza.

Dokta alivua miwani akaiweka mezani. "Ntandu, nilikuamini. Kwenye kazi hii mtu anayeruka kichupa kitupu na kupoteza kumbukumbu siwezi kumpeleka shule kwa jina langu. Samahani. Nafasi nitaipeleka kwingine." Mimi akanipa onyo la mdomo kwa kwenda redioni. Onyo tu!

Nje, Ntandu alikuwa anafunga daftari lile kwenye keria ya baiskeli. Nilidhani atanipiga, na natamani angenipiga. Akasema bila kunitazama, "Dokta analala hapa mjini. Basi lake ni kesho saa moja." Akapanda baiskeli akaenda.

Alikuwa ananipa nafasi. Hata mbwa angeelewa.

Asubuhi nilijiandaa kwenda stendi kumwambia Dokta ukweli. Nilifika basi limeshaondoka. Nilijiambia nimechelewa bahati mbaya. Uongo! Shati lilelile nililipiga pasi mara mbili.

Siku chache baadaye nikamwona Ntandu sokoni, nikajilazimisha nianze mimi, kama zamani. "We mchunga mbuzi! Umejificha wapi na pua yako hiyo?" Watu wa karibu wakageuka, wakisubiri jibu, maana majibu yake yalikuwa yanajulikana.

Akasimama, akanipa mkono kwa adabu. "Habari za kazi, Daktari. Nyumbani hawajambo?"

Daktari! Yeye, mtu pekee aliyekataa!

Nikarudi kwangu nikafunga mlango. Ule ukurasa ulikuwa bado mfukoni mwa suruali. Nikashusha fremu ya dhahabu, nikaufungua mgongo, nikauficha nyuma ya diploma yangu, nikairudisha ukutani.

Basi ndivyo nilivyoanza kuishi. Mradi ukaisha msimu ulipoisha. Watu wananisalimia vizuri sana. Vijana wananiamkia shikamoo, wakubwa wananiita Daktari, kila mtu ana heshima na mimi. Naweza kupitisha siku tatu bila mtu kuniambia kitu cha kweli. Hujui uzito wa heshima kama huna hata mtu mmoja wa kukutukana. Jioni nakaa, naangalia ukutani, naijua karatasi iliyo nyuma ya karatasi.

Mama alikuwa Mungaa, kazeeka, macho hayaoni vizuri. Nilipokwenda kumwona aliuliza, "Mbona siku hizi sisikii mkigombana na Ntandu? Anakuja, ananichotea maji, anaondoka kimya kama mlokole. Mmekosana?"

"Hapana, mama. Ana kazi nyingi."

"Kazi gani ya kumnyima mtu kutukana?"

Nikabadilisha mazungumzo. Hata mama nilimdanganya, na ndiyo mara ya mwisho kuzungumza naye vizuri. Mwezi uliofuata akaanguka, akalazwa, hakuchukua siku nyingi.

Tukamrudisha Mungaa kumzika. Msiba ulijaa, mama alipendwa. Ntandu alifika wa kwanza. Alipanga viti, alipasua kuni, aliingia kaburini na jembe akachimba mpaka jasho likalowanisha shati. Hakuna kazi aliyoiacha.

Na mimi unajua nilifanya nini? Naona aibu kuandika. Nilichukua kile kitenge cha njano cha mama, kopo lake la ugoro na fimbo yake, nikaviweka kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo lazima apite. Nikakaa kwenye jamvi nikawa nasubiri. Nilisubiri ajifunge kitenge, ainame mgongo, anuse ugoro, anigeukie kwa sauti ya mama aniulize kazi gani hiyo ya kunyima watu usingizi. Watu nao walikuwa wanasubiri. Wazee walikuwa wanamtazama yeye, wananitazama mimi.

Ntandu akafika mlangoni. Akaviona. Najua aliviona, kwa sababu alisimama kidogo. Kisha akainama, akanyanyua kigoda kwa mikono miwili na vitu vyake juu yake, taratibu kopo lisianguke, akakisogeza pembeni ili wazee wapite.

Akaja kwangu akanipa mkono. "Pole sana, Daktari. Mungu akutie nguvu."

Tukamzika mama yangu kimya. Hakuna aliyecheka hata mmoja, na mimi sikulia. Nilikauka kama jiwe, nimekauka mpaka leo.

Baada ya matanga kuisha nikarudi Mwankoko nikashusha fremu. Nikampigia Dokta nikamwambia yote, kibano, chupa, kichupa kitupu, ukurasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nafasi ile alishaipeleka mkoa mwingine, mtu yupo darasani tayari, na mradi haupo tena. Akasema atamwandikia Ntandu barua ya kumsafisha. Kuhusu mimi akasema, "Usiandike jina langu tena kwenye maombi yako ya kazi." Halafu akakata.

Nikaenda Mungaa na ule ukurasa. Nikampa Ntandu mbele ya mke wake, nikamwambia nimekosa, nimemwambia Dokta. Aliusoma wote, kama anahakikisha mwandiko. Akaukunja.

"Ahsante, Daktari," akasema. "Karibu chakula."

Mke wake akaniletea maji ya kunawa, akapiga goti. Wakanichinjia kuku. Wakanipa kiti cha kuegemea, yeye akakaa kwenye gogo. Katika nyumba ile ambayo zamani nilikuwa naambiwa nenda kachote maji mwenyewe, mvivu wewe, nilikula kama mgeni aliyetoka wilayani. Firigisi wakaiweka upande wangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa wewe uliyerudi nyumbani na karatasi yako na sifa zako, nisikilize mimi niliyeharibu. Mwenzako wa chini akikwambia choma kibano, choma! Akikwambia umeruka kitu, rudi ukiweke, hata kama hakusoma ulikosoma. Ukishakosea, sema siku hiyohiyo, kabla basi halijaondoka. Usipige pasi mara mbili.

Na kama bado unaye mtu anayekusimamisha sokoni akakwambia kichwa chako kibaya, mshike sana huyo. Mimi kitenge cha mama bado kipo kwenye kigoda, nilikileta Mwankoko pamoja na kopo na fimbo. Kila akipita mtu barabarani na baiskeli nanyamaza, nasikiliza kama atapiga kelele.

Wanapita tu. Wakiniona dirishani, wananipungia mkono kwa heshima.